Barua Zilizomfungia Shangazi Nje

"Barua yangu haisomwi na mtu ambaye hakuandikiwa, hata awe mwenye kiwanda hiki."

Shangazi aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku ya kumuaga mpishi wa kantini, mbele ya wafanyakazi wote na tajiri mwenyewe akiwa na mfupa wa kuku mdomoni. Watu walicheka. Tajiri naye alicheka, ila kicheko cha mtu anayeweka akiba.

Shangazi alikuwa karani wa kiwanda cha magodoro, ofisi ya juu, dirisha linalotazama mashine ya kukatia sponji. Kazini walimwita Komeo. Wenzake walisomea barua pepe kwenye simu, pamoja na maua na matangazo yake yote. Yeye alijiwekea kwenye kompyuta ya mezani programu ya barua yenye sura ya risiti ya umeme. Haina picha, haina rangi, na kabla ya kukuonyesha chochote inakuhoji kama mama mkwe. Ilikuwa programu ya waliobobea, naye alibobea kwa ubishi tu, akisoma maelekezo wakati wa chakula huku meza ya pili ikimsengenya.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kila mtu ana kufuli lake na ufunguo wake. Kufuli unawagawia watu, ufunguo unabaki nao. Ukimwandikia mkaguzi wa afya za wafanyakazi, unaifunga barua kwa kufuli la mkaguzi, na hapo ni yeye peke yake wa kuifungua.

Na mkaguzi ndiye aliyekuwa akiandikiwa. Wale wa chumba cha gundi walikohoa mpaka ukadhani imeletwa mashine mpya. Walipanda ngazi mmoja mmoja wakamsimulia Shangazi, naye akaandika majina yao na hali ya vifua vyao, akafunga, akatuma. Mkaguzi alipokuja akakifunga chumba cha gundi mpaka kiwekewe feni za kutoa moshi, tajiri hakuhitaji mganga kumwambia habari zilitokea wapi. Alichotaka ni majina. Wenye majina wangerudi kwao na kikohozi, bila kazi.

Akaleta fundi wa kompyuta. Shangazi akaambiwa afungue programu, aweke na nenosiri. Akaweka bila kubisha, jambo ambalo lingemshtua yeyote anayemfahamu. Barua alizotuma zikajipanga kwenye kioo: herufi na tarakimu zimemwagika kama dengu sakafuni. Fundi akajaribu hivi, akajaribu vile, akajikuna kisogo, halafu mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Akamweleza tajiri kwamba programu hiyo ina kisanduku chenye tiki, ili mtumaji abaki na nakala anayoweza kuisoma. Huyu mama aliiondoa tiki.

Ni kweli. Shangazi haamini tiki asiyoiweka kwa mkono wake. Siku ya kwanza alizing'oa zote, kama mtu anayefukuza panya kwa kubomoa nyumba. Alipotaka kuirudia barua yake ya kwanza, ikamgomea. Alinuna kutwa nzima, akasingizia mafua, kisha akaona kosa lenyewe lina akili kuliko walioisanifu programu. Akaliacha.

"Kwa hiyo hata yeye hawezi kuzisoma?" tajiri akauliza.

"Hata yeye, bosi. Amejifungia nje ya nyumba yake."

Hapo Shangazi angeweza kusema pole na kurudi kitini. Fundi alishamtetea bila kuombwa. Lakini tajiri alilainisha sauti, akamwita dada, akamsogezea karatasi na kalamu. Kompyuta haikumbuki, sawa, kichwa kinakumbuka. Aandike majina tu, na yeye atakuwa msimamizi wa ofisi, mwenye chumba chake na mlango wake.

Shangazi akaichukua kalamu, akaifunika kifuniko.

"Bosi wangu, mashine nimekufungulia kwa sababu ni yako. Kichwa hiki nilikuja nacho kutoka nyumbani. Majina yamo yote, mpaka ya mama zao. Haya, nifungue."

Akaambiwa akusanye vitu vyake. Akakusanya kikombe, kandambili za ofisini, na picha ya marehemu mumewe, ambaye kwa maelezo yake naye alijaribu kumsomea barua akafa hajafaulu. Pale uani aliwapita watu wa gundi wamekaa wakisubiri kupangiwa kazi. Hakumsalimia hata mmoja, asije akawauza kwa salamu. Hakuna mwingine aliyefukuzwa.

Baba, ambaye ni kaka yake, alimwambia kazi imeponzwa na kiburi. Akamjibu kwamba katika mshahara wote ule, kiburi ndicho pekee ambacho hakikuwahi kukatwa kodi.

Siku hizi anafundisha programu ileile sebuleni kwake, kompyuta moja, viti vinne. Wiki iliyopita alikuja mke wa tajiri, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Shangazi hakumuuliza anataka kumwandikia nani. Alimvutia kiti, akamtajia bei.

Somo moja ni elfu tano.