Kitabu Nilichokikimbiza

Mwanangu, ipo Januari moja hainitoki kichwani. Leo nimeona umebandika ukutani orodha ya vitabu hamsini vya mwaka huu, nikaikumbuka mpaka chai ikanishinda. Hamsini! Haya. Usinune, sijakukataza. Nisikilize tu, na uniache nitembeetembee humu ndani, maana habari hii siwezi kuisimulia nimekaa.

Nilikuwa kijana, nimeolewa Ushirombo, nina mapacha wachanga, Kulwa na Doto. Mwaka ulipoanza nikajiapiza: vitabu ishirini na vinne, viwili kila mwezi. Nikawatangazia mashoga zangu wote, na hapo ndipo nilipojiponza. Kila tukikutana kisimani wananiuliza nimefika cha ngapi. Basi nikasoma kwa pupa. Naazima maktaba ya parokia Jumatatu, Jumamosi narudisha. Penye maelezo marefu naruka. Kitabu kiko mkononi, macho yanapima kurasa zilizobaki, moyo hautulii hata kidogo.

Mama mkwe wangu hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu, alikwenda machimboni Geita miaka sita nyuma, na hakuna aliyejua kama yu hai. Siku moja yeye anabangua karanga, mimi nasoma kwa sauti hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea. Nikamfasiria kidogo kwa Kisukuma. Akaacha karanga.

"Endelea," akasema.

Nikaona atanichelewesha. Nifasiri kila sentensi, nitamaliza lini? Nikamwambia kesho, mama. Ikawa kesho, kesho, hadi nikakimaliza peke yangu, yaani nilikipekuapekua tu, nikakirudisha.

Jumapili akaniuliza, "Mama Kulwa, yule mama alimpata mwanawe?"

Mwanangu, sikujua! Sura za mwisho nilizipitia juu juu. Nikaona haya kusema, nikajibu, "Alimpata, mama."

Loo, laiti ningejing'ata ulimi! Kesho yake nikamkuta anakandika upya chumba cha shemeji. Keshokutwa yake akatoa michembe yake ya akiba, vile viazi vikavu alivyovipenda mwanawe, akaitenga kwenye kapu, marufuku kuigusa. Kila basi la kutoka Katoro, njia ya Geita, likipita, anatoka kuchungulia. Anaimba. Mimi chakula hakishuki. Nikilala nageuka, nikiamka nazunguka uani bila kazi.

Mwisho nikakimbilia maktaba. Kitabu kilikuwepo, nikasoma sura zile nimesimama mlangoni. Hakumpata.

Nikakiazima tena, nikarudi kumwambia. Alikuwa na udongo mikononi. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alinitazama hadi nikainamisha uso.

"Kama hukujua, si ungesema hujui?" akasema. "Mimi nimezoea kutojua."

Nililia, sikufichi. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza kama atakubali nimsomee chote, neno kwa neno. Akanawa mikono, akakaa. Tukaanza ukurasa wa kwanza siku ile ile, kwa Kisukuma, na kilituchukua hadi mavuno. Alinikatiza kila mara. Kwa nini huyo mama hakuwauliza wenye mabasi? Njiani alikula nini? Usiku alilala kwa nani? Mambo ambayo mimi sikuwa nimejiuliza hata moja. Tulipofika mwisho alinishika mkono nisikifunge kitabu.

"Nirudishie pale alipokuwa bado anamtafuta," akasema.

Nikamrudishia. Shemeji hajaonekana mpaka leo. Mashoga walinicheka mwaka ule kwa vitabu vyangu viwili vitatu, na walikuwa na haki yao.

Basi panga malengo, mwanangu, ni jambo zuri. Ila hiyo hamsini ipunguze. Mbele ya kila kitabu andika jina la mtu utakayemsimulia, na usiende kwake kabla hujakisoma kweli. Kisichoisha mwaka huu kiache kivuke na wewe. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama watu watacheka, kwa sababu hujui anayekuuliza amebeba nini moyoni.

Mungu akupe macho mazima, akupe utulivu nilioukosa mimi, na akujalie mtu wa kukukatiza kila ukurasa.