Mikunjo ya Mama

Mteja wa siku hizi akichukua blauzi kwenye meza yangu, haulizi kwanza bei wala saizi. Anaifinya kwenye ngumi, anaishikilia kidogo, halafu anaiachia na kuitazama. Ikibaki na makunyanzi, anairudisha. Ikijinyoosha yenyewe, mkono unaenda kwenye pochi. Nauza mitumba ya kina mama hapa Busia, na nimewaona wakizifinya nguo hivyo hadi nami nimeanza kuzifinya nikifungua beli, lile robota la mitumba. Pamba nzuri inayopumua mwilini inalala mezani wiki nzima. Polista inaondoka kabla ya chakula cha mchana.

"Hii haitaki pasi, mama," wananiambia, kana kwamba nimewauliza.

Ni kweli, haitaki. Asubuhi ni fupi, stima inapotea ikijisikia, na mtu ana mambo mengine. Binti yangu anafanya kazi Malaba, katika ofisi inayoshughulikia karatasi za malori yanayovuka. Huitoa suruali kwenye kamba, akaikung'uta mara mbili kama anayefukuza kuku, akaivaa. Nimemgombeza hadi nimechoka. "Unaenda ofisini au unaenda kupalilia?" Yeye hucheka tu. "Mum, nguo za siku hizi hazitaki pasi. Zinajijua."

Zinajijua! Mama yangu angesikia hayo angetafuta mahali pa kukaa.

Kwa mama, nguo ambayo haikupigwa pasi haikuwa imemaliza kufuliwa. Tulikaa Nambale, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na alikuwa na sababu yake. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Ukizivaa hivyo hivyo, siku chache baadaye una jipu, na ndani ya jipu kuna kitu kinachotembea. Dawa yake ni moto. Kwa hivyo mama alipiga pasi nepi, shuka, soksi, hata vitambaa vya viti, ambavyo sijui huyo inzi angemdhuru nani huko. Lakini hakuwa akipigana na inzi tu. Aliipenda ile kazi. Ndiyo saa pekee aliyosimama mahali pamoja.

Alichota makaa mekundu jikoni, akajaza pasi yake ya chuma, akatoka nje na kuipunga huku na huku mpaka jivu lote lipeperuke. Kisha aliisugua kwenye jani la mgomba. Jani lilichachatika na kugeuka rangi, na pasi ikatoka huko imekuwa laini, inateleza. Harufu ya lile jani, nusu mboga nusu moshi, ilijaa nyumba nzima. Nilijua ni Jumamosi kabla ya kuambiwa.

Nguo ya mwisho siku zote ilikuwa gomesi yake, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Wageni husema gomesi ni vazi la Uganda. Sisi wa mpakani tumeivaa harusini na matangani tangu bibi zetu, na hakuna aliyetuomba pasipoti. Ya mama ilikuwa ya pamba, kijani yenye maua madogo meupe, aliyoshonewa ng'ambo ya mpaka na fundi aliyejua kuyasimamisha mabega. Mabega ndiyo mtihani wa gomesi. Yakilegea, umevaa gunia. Mama aliyapiga pasi polepole, juu ya taulo, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Akimaliza kupiga alitufukuza chumbani. Kukunja kulihitaji kitanda kizima, na hakutaka mikono yetu karibu.

Alipofariki, nguo zake ziligawanywa baada ya matanga, kama ilivyo desturi. Niliomba gomesi, na niliomba upesi kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Ilikuwa ndani ya sanduku lake la bati, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameipiga pasi Jumamosi, tayari kwa Jumapili ambayo hakufika kanisani. Hospitali ilitangulia.

Sikuivaa. Niliiweka hivyo hivyo ilivyokuwa, na kila hamu ilipozidi niliitoa, nikaipakata, nikafungua mkunjo mmoja tu wa juu na kupitisha kidole kwenye ule mstari. Ulikuwa bado mkali. Mkono wake ulikuwa umepita hapo, na baada ya hapo hakuna kitu kingine alichokipiga pasi. Nilimtamani mama yangu, mimi mtu mzima mwenye mvi, nilimtamani hadi kifua kikauma. Kisha niliufunika ule mkunjo na kuirudisha. Sikuwahi kuifungua yote. Niliogopa kwamba nikiifungua, haitajua kurudi.

Mwaka huu ndugu yangu akatangaza kwamba wakwe wanakuja kutoka Tororo kumposa binti yake. Mimi ndimi shangazi, senge kama tunavyosema kwetu, na senge haketi nyuma. Tukakubaliana sisi wanawake wakubwa sote tuvae gomesi. Binti yangu akataka kuninunulia mpya, moja ya zile za polista zinazometameta ambazo zimejaa madukani. Nikamwambia nitavaa ya mama.

"Sawa, lakini itabidi ipigwe pasi. Imekaa kwa sanduku mpaka imeshika mistari."

"Haitapigwa."

Akaniangalia kama aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. "Mum. Wewe ndio unasema hivyo?"

"Iache vile ilivyo."

Sikumweleza zaidi. Ningeanzia wapi? Nilitaka kuketi mbele ya wakwe nikiwa na mikunjo ya mama kifuani na magotini, watu waseme watakavyo. Nilipanga kuifungua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, peke yangu, polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa majuma kadhaa, na niliona nimejiandaa vya kutosha.

Asubuhi ilipofika nilienda kwanza kusukwa nywele. Niliporudi, kabla ya kuona kitu chochote, harufu ilinipokea mlangoni. Jani la mgomba. Nusu mboga, nusu moshi. Nikasimama na mkoba mkononi, na kwa muda ule mfupi naapa mama alikuwa ndani, ameinama juu ya meza, na mimi ni mtoto ninayesubiri kufukuzwa.

Nikaingia. Pasi ya umeme ilikuwa imesimama mezani, kando yake jani lililokauka katikati. Gomesi ilikuwa inaning'inia mlangoni mwa chumba, imenyooka tangu shingoni hadi chini. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

"Nimekufanyia, Mum," binti yangu akasema. Alikuwa akifyonza kidole alichokiunguza. "Najua ulikuwa unaogopa itaungua. Nimeenda nayo polepole. Hata nimesugua pasi na jani, vile ulisema kukhu alikuwa anafanya. Nimeliomba kwa jirani."

Kukhu ndiye nyanya yake, mama yangu. Na huyu ndiye mtoto asiyepiga pasi hata kola ya ofisini. Miaka yote nimemsukuma kwenye ile meza, na siku aliyokwenda kwa hiari yake, kwa kunipenda, alikwenda na nguo ile moja. Hasira ilinipanda, ikakuta machozi yametangulia. Niliyatazama mabega. Yalikuwa yamesimama.

"Imenyooka," nikasema. "Asante, mwanangu."

Wakwe walikuja, wakala, wakatania, na posa ikakubaliwa. Niliketi mbele. Mama mdogo, aliyefuatana na mama tumbo moja, alinishika bega akalipapasa. "Hii imepigwa vile dada yangu alikuwa anapiga," akasema. Nikacheka ili nisilie, na sikuinuka kucheza hata waliponivuta mkono.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Nilivua gomesi, nikaitandaza kitandani, nikaketi kando yake. Binti yangu alinikuta hapo nikilia kwa sauti, jambo ambalo hajawahi kuliona, na akadhani wakwe wamenitusi. Nikamwambia. Nikamwambia yote, Jumapili ile, sanduku, mkunjo wa juu na kidole changu.

Akaketi sakafuni. Akaweka mkono mdomoni.

"Si ungeniambia, Mum."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Nikasimama ili niikunje nguo, maana haiwezi kulala kitandani milele. Nikayashika mabega mawili, na mikono yangu ikagoma. Lipi lilianza, la kulia au la kushoto? Mshipi aliuweka wapi? Nikageuza nguo huku na huku kama mtu aliyepotea sokoni. Mama alitufukuza chumbani, na baadaye mimi nikajifukuza mwenyewe. Miaka yote ile nilifungua mkunjo mmoja. Ile mingine sikuwahi kuiona.

Binti yangu alijifuta uso kwa mkono wa blauzi yake isiyotaka pasi. Akainuka, akaja upande wangu wa kitanda.

"La kulia lilikuwa chini," akasema. "La kushoto likakuja juu yake. Na mshipi ulikuwa hapa katikati, umekunjwa kadogo hivi, ndio mabega yasivunjike. Niliifungua pole pole, Mum. Niliona jinsi alikuwa ameikunja, ni kama zawadi iliyofungwa."

Nikamtazama. Alikuwa mtu pekee duniani aliyeiona mikunjo ile yote.

"Sogea kidogo," akasema.

Nikasogea. Akaanza na la kulia.