Aliyevunja Mkono wa Barasa

Mlio wa fimbo juu ya gunia la mahindi siupendi hata leo. Hapa Kitale, mavuno yakiisha, kila boma linapiga mahindi: yanatiwa kwa gunia yakiwa makavu, mdomo unafungwa, watu wanalitwanga kwa fimbo mpaka punje ziachane na magunzi. Wengine wakisikia mlio huo wanaona ugali. Mimi natokwa jasho mgongoni. Vumbi lile linalowasha shingo na kunuka kama godoro kuukuu linanirudisha nyumbani kwetu Bokoli, mwaka niliotimiza miaka tisa, nilipotolewa darasa la tatu nimlee ndugu yangu Barasa. Barasa alikuwa na miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa moja: asilie mama akasikia.

Niseme mapema nani alifanya nini, maana kwetu watu wanapenda kusema mambo yalitokea, kama mvua ya mawe. Hayakutokea. Baba yangu Wanjala alimpiga mama. Mama yangu Nasimiyu alitupiga sisi. Senge Rosa, dada ya baba, alichochea, na majirani walisikia wakaendelea na kazi zao. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwetu fahali alikuwa mmoja tu, na nyasi zilikuwa na nyasi nyingine ndogo chini yake.

Msimu huo mama alikuwa na mimba, na kwetu inasemwa maziwa ya mwenye mimba yanamdhuru mtoto, kwa hivyo Barasa ilibidi aachishwe ziwa. Desturi ni kumpeleka mtoto kwa kukhu, yaani nyanya yake, akae huko wiki mbili tatu mpaka asahau. Ni desturi nzuri, inamwokoa mtoto na inamwokoa mama pia, maana mtoto anayenyimwa ziwa huku analiona atalia mpaka akutie wazimu. Lakini baba alikuwa amekosana na kukhu kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaapa mtoto wake hatavuka ule ua. Kukhu alikuwa pale pale ng'ambo, tukimwona akianika mboga. Barasa akaachishiwa nyumbani. Senge Rosa akaja na pilipili. "Si ujipake hapo kwenye ziwa," alimwambia mama akicheka. "Akionja mara moja atakuita shetani." Barasa alionja, akapangusa mdomo kwa mkono, kisha akafikicha macho. Alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo alimfuata mama kila mahali akivuta leso yake, akikwaruza tu kooni kama mlango usiotiwa mafuta.

Mama hakuwa katili kila saa. Ningependa angekuwa hivyo, ningemchukia vizuri. Asubuhi nyingine alimwimbia Barasa na kumlambisha uji kwa kidole. Lakini nilijifunza kumsoma. Baba akishampiga, mama alinyamaza, mishipa ya shingo ikamsimama, akafanya kazi haraka haraka. Hapo nilimbeba Barasa mgongoni nikashuka mtoni kumwonyesha vyura, nikarudi akisinzia. Siku nyingine nilichelewa. Mapaja ya Barasa yalikuwa na alama za kucha. Mara moja mama alimzamisha kichwa kwa ndoo ya maji ya vyombo, akamtoa, akamkumbatia, wakalia wote wawili. "Ninyamazie, baba," alimwambia Barasa. "Ninyamazie tu."

Siku ya kupiga mahindi baba alimchapa mama na gumbuti, kiatu chake cha mpira, mbele ya watu waliokuja kusaidia, ati chai imepoa. Kisha akaenda zake senta, kule madukani, na wale watu, kwa aibu, wakaenda pia. Mama akashika fimbo peke yake. Mimi nilikuwa nimeenda chooni, na hilo ndilo kosa langu lote. Nikiwa humo nilisikia gunia, gunia, gunia, na Barasa akikwaruza. Kisha mlio ukabadilika. Nilipofika, mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa, na mdomo wake umefunguka bila sauti. Mama alikuwa bado ameinua fimbo.

"Nafula, umemwangusha mtoto," aliniambia, polepole.

"Sijamwangusha, mama."

"Umemwangusha kutoka ghalani. Sema."

Alinipiga kwa fimbo ile ile mpaka nikasema. Huko hospitali ya misheni Lugulu, nesi aliniuliza mimi mwenyewe, nikasema tena. Jioni baba akanipiga kwa mkanda mpaka nikajikojolea, na mama alikuwa pale, amempakata Barasa na plasta yake, hakufungua mdomo. Mkono ule uliunga ukiwa umepinda. Mpaka leo tukikutana matangani, Senge Rosa ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye Nafula, mvunja ndugu." Watu wanacheka.

Baba alishakufa. Mama anakaa kwangu hapa Kitale, na mimi namlea Neema, mtoto wa binti yangu, naye ana miaka miwili. Mwezi uliopita alimwaga uji mara ya tatu, nikamshika, akaniuma kidole. Sikuamua kitu. Nilijikuta tu mwiko uko juu. Mama, ambaye magoti yake hayainuki kitini bila mimi kumvuta, alikuwa ameshasimama, amenishika kifundo cha mkono.

"Wacha, Nafula. Mimi nilimvunja wangu hivi hivi."

Nilikuwa nimengoja neno hilo miaka arobaini, na likanikuta nimeinua mkono. Nilimweka Neema chini akiwa analia, nikatoka, nikakaa kwenye kuni mpaka hasira ikanitoka. Huo ndio ujuzi wangu wote wa ulezi: kutoka nje. Mtoto akilia kidogo na mtu yuko karibu, hafi. Niliporudi nilimpigia Barasa simu, yuko Bokoli, nikamwekea mama mkononi. "Mwambie yeye."

"Sasa, mama, uko salama?" Barasa aliuliza. Mama alinitazama.

"Niko salama, baba," alisema. "Huko mvua imenyesha?"

Wakaongea mvua, wakaongea ng'ombe aliyezaa, mpaka simu ikakatika. Neema alikuwa amelala sakafuni, uji umemkaukia shavuni, mikono yote miwili mizima. Barasa kwa umri huo alibaki na mmoja. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya nyumba ya mama na nyumba yangu, na aliyeilinda, nikiwa msema kweli, si mimi.