Niliulizwa kuhusu ovari zangu, nikaishia kwenye kesi ya shamba

Wakuu, habari zenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu, si dada wa jirani. Majina nimebadilisha kwa sababu bado natarajia kula kwao Krismasi. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Naandika nikiwa kwa mama, Mwala, wiki ya sita tangu nitolewe kizazi. Nimekatazwa kuinua kitu kizito, kulima na kufua. Mara ya kwanza maishani niko na ruhusa ya daktari ya kukaa bure, na sijui niifanyie nini.

Kwanza mnijue. Niko na miaka arobaini na nne. Shule niliacha Form Two. Tangu hapo nimeshona zipu za suruali kwa kiwanda cha EPZ pale Athi River, nimepikia mafundi wa mjengo Syokimau, nimeuza mitumba, na nimekaa Voi miezi mitatu kwa sababu tu sikuwa nimewahi kukaa Voi. Binti yangu ni mtu mzima na akinipigia simu huanza na "uko wapi" kabla ya "habari yako."

Nikifungiwa mandazi kwa gazeti, nasoma gazeti kwanza. Huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza. Wa pili ulikuwa fibroids, ule uvimbe wa kizazi.

Hedhi yangu ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya kudumu. Siku kumi, siku kumi na mbili, na mabonge. Nilikuwa siendi mahali kabla ya kujua choo chao kiko wapi. Nilikunywa kila dawa ya majani niliyoelekezwa, pamoja na moja ambayo baadaye niligundua watu huipa kuku.

Nilipoanza kuishiwa na pumzi nikipanda ngazi, nikaenda hospitali Machakos mjini.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kiumri. Aliangalia scan, akaanza kuhesabu fibroids, akaacha. Akasema kizazi kitoke.

Hiyo haikunisumbua. Kizazi kilikuwa kimenitesa vya kutosha, nilikuwa tayari kukisindikiza hadi kwa geti.

Kisha akauliza, "Na ovari? Tuziache au tuzitoe?"

Wakuu, mimi nilidhani vitu vya ndani hutoka pamoja kama matumbo ya mbuzi. Kumbe unaulizwa.

Akanieleza polepole. Ovari zikibaki, zinaendelea kutengeneza homoni mpaka zichoke zenyewe. Zikitolewa kwa umri wangu, unaamka ukiwa umekoma hedhi kwa siku moja: joto la ghafla, usingizi kupotea, na kwa miaka inayokuja mifupa na moyo vinaweza kudhoofika. Lakini zikibaki, kansa ya ovari bado inaweza kukupata, na hiyo haipigi hodi. Ndiyo maana mirija ya kupitisha mayai wangeitoa kwa vyovyote, kupunguza hatari.

"Sasa niambie," akasema. "Kwenu kuna mama, dada au auntie aliyekufa na kansa ya ovari au ya matiti?"

Nikasema Auntie Kalondu, mdogo wa mama yangu, alikufa miaka sita iliyopita.

"Na nini?"

Nikafungua mdomo, nikagundua sijui. Mimi, mtu ninayejua mto wa Athi unabadilisha jina wapi.

"Kajue," akasema. "Kama ilikuwa ovari, tutaongea tofauti." Akanipa wiki mbili.

Nilidhani hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikaenda kwa mama, ambaye kwa Kikamba namwita Mwaitu. Mama ni mkristo wa kanisani kila siku, mkulima, na mwenye siri kuliko benki.

"Mwaitu, Auntie Kalondu alikufa na nini?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Ule uliomuua."

"Wa wapi kwa mwili?"

"Tumbo."

Wakuu, huku kwetu tumbo huanza kidevuni na kuishia magotini. Nilitafuta hata kijitabu cha mazishi. Kurasa nane za rangi. Kuna mahali alipobatizwa, ng'ombe wake wa kwanza, sauti aliyoimba kwaya, na majina ya wajukuu wa dada zake wote. Kwa ugonjwa waliandika kwamba Bwana alimhitaji.

Hospitali aliyolazwa niliuliza. Faili haikupatikana.

Wakati huo habari zilikuwa zimezunguka soko lote, na kila mtu akawa na msimamo kuhusu ovari zangu. Mama mmoja wa kwaya alisema nitoe zote, nisibakishe mbegu ya ugonjwa. Jirani akasema nikitoa nitaota ndevu. Mtu wa boda boda, ambaye sikumwuliza chochote, aligeuka barabarani kuniambia nikatae, kwa sababu madaktari huziuza. Nikamwuliza ovari ya miaka arobaini na nne inauzwa kwa nani. Akasema yeye ananieleza tu.

Siku moja, tukichambua pojo, mama akateleza.

"Hayo makaratasi hata hayako kwetu. Yako kwa Nzioka, kwa ile bahasha kubwa ya picha za X-ray."

Nzioka ni mume wa marehemu. Tangu mazishi, upande wetu na upande wake hatusalimiani vizuri. Sababu niliyojua mimi ni shamba. Auntie alinunua ekari mbili kwa mbuzi zake mwenyewe, na alipokufa Nzioka akabaki nazo, akaoa tena.

Nilienda asubuhi yake. Nilimkuta Uncle akirekebisha mkokoteni wa punda. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikasema nimekuja kuomba kuangalia ile bahasha ya Auntie ya hospitali.

Akaweka nyundo chini.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Miaka sita mmengoja. Mkamtuma mgonjwa ili nione huruma."

"Uncle, nataka kusoma karatasi ya daktari tu."

"Karatasi ya daktari, eeh. Rudi Jumapili. Na mzee wa kijiji atakuwa hapa."

Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani na mama akanieleza kama kitu cha kawaida. Ile bahasha ya hospitali ni ngumu, haipitishi maji, na ni kubwa. Kwa hivyo title deed ya shamba hukaa humo. Mimi nilikuwa nimeingia kwa mtu asubuhi mapema nikamwambia, bila haya, anitolee title deed.

Kabla hamjacheka, angalieni ya kwenu iko wapi.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa chini ya mabati ya Nzioka. Uncle, mke wake mpya akimimina chai, mzee wa kijiji na kitabu chake, mimi, na mama, ambaye alikuja bila kuitwa na handbag yake ya harusi.

Mzee wa kijiji akaomba. Alipomaliza akafungua kitabu.

"Mlalamishi ni nani?"

"Hakuna mlalamishi, Mzee. Mimi nimekuja kusoma karatasi."

"Kikao hakiwezi kuanza bila mlalamishi."

Nikaandikwa mlalamishi.

"Mlalamishi anadai nini?"

Nilikuwa nimechoka, damu ilikuwa inanitoka, na kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nikasema, "Nataka kujua kuhusu ovari zangu."

Kalamu ikasimama. Mzee akanitazama, akamgeukia Uncle.

"Nzioka, ziko kwako?"

Nikaeleza upya, kuanzia scan. Nilieleza homoni, mifupa na moyo. Mke mpya alisahau chai ikamwagika, akauliza kama ni lazima mtu afike hospitali kubwa ndiyo aulizwe hayo. Mzee aliandika mistari miwili.

Uncle akaingia ndani, akarudi na bahasha imefungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki. Akaifungua akiwa ametupa mgongo. Title deed akaitoa, akaiweka kwa kiti, akaikalia. Kisha akanipa zile karatasi zingine.

Mzee wa kijiji alisema amesahau miwani, kwa hivyo nikasoma mimi. Kiingereza changu ni cha Form Two na cha magazeti ya mandazi, lakini neno lenyewe nililijua kwa sababu nilikuwa nimelisoma wiki nzima kwa simu. Haikuwa ovari. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi.

Nikalisema kwa sauti.

Nikamwangalia mama. Alikuwa anafungua na kufunga handbag. Wakuu, mama alijua. Si mlango gani, lakini alijua ni huko chini, na miaka sita alisema tumbo.

"Kwa nini hamkusema?" nikauliza.

"Tuseme nini?" mama akajibu. "Mke wa mtu, mwimbaji wa kanisa. Wangesema alikuwa anatembea na wanaume."

Hapo ndipo Uncle alipoongea, na hakuwa ananiongelesha mimi.

"Shemeji, Kalondu aliniapisha nisiseme. Nikanyamaza. Nyinyi mkaambia watu nilimlisha kitu ili nibaki na shamba. Mlikaa kwa mazishi ya mke wangu mkila chakula changu mkisema hivyo. Nikanyamaza."

Mama akasema, "Mimi sikusema."

"Na ulikanusha?"

Mama akaifunga handbag yake. Nilikuwa nimekuja kucheka, nikiri, nilikuwa hata nimeanza kupanga vile nitawasimulia hapa. Nikakosa mahali pa kuangalia. Mzee mzima amebeba jina la muuaji miaka sita, kwa sababu watu wazima walishindwa kutaja sehemu ya mwili waliyotokea wote.

Mzee wa kijiji akakohoa. Akaandika kwamba hakuna dai la shamba, na kwamba mlalamishi aendelee na ovari zake. Uncle akatia sahihi, mimi nikatia sahihi. Lakini hakuinuka kwa kile kiti mpaka tulipotoka nje ya boma.

Nikarudi kwa daktari na picha ya ile karatasi kwa simu.

Akasema hiyo mara nyingi huletwa na virusi, haifuati ukoo vile kansa ya ovari inaweza kufuata. Mlango wangu wa kizazi ulikuwa umepimwa, ulikuwa sawa, na ungetoka pamoja na kizazi. Kwa yale tuliyojua, hakuona sababu kubwa ya kutoa ovari zenye afya. Hakuniahidi kitu. Alisema uamuzi ni wangu.

Nikasema zibaki. Wakifungua wakute moja ni mgonjwa, hiyo waitoe.

Ninajua kuna watakaosema ningetoa yote nilale usingizi. Kama Auntie angekuwa na ile nyingine, ningetoa, na ningekuwa hapa nawasimulia kuhusu joto la ghafla. Kila mtu na karatasi yake.

Kwa fomu ya ruhusa sister wa ward aliniuliza, "Mzee wa nyumbani hayuko atie sahihi?"

Nikamwambia mwili huu umeshajadiliwa na kwaya, boda boda na mzee wa kijiji. Kwa leo ninatosha. Akacheka, akanipa kalamu.

Upasuaji siwezi kuuhadithia, nilikuwa nimelala. Ovari zilikuwa salama zote mbili.

Kuhusu kupona, niwape ukweli ambao hamtapewa na watu wenye heshima. Baada ya kupasuliwa tumbo, jambo moja tu linasubiriwa na ward nzima: ujambe. Asubuhi daktari anapita na wanafunzi wake, wote na makoti meupe, anauliza, "Umetoa hewa?" Mchungaji wa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuja kutuombea, na ushuzi wangu ukafika katikati ya maombi. Mama wa kitanda cha pili akasema amina. Nikaletewa uji.

Nyumbani kuna wageni. Desturi ni nzuri, wanakuja na maziwa, sukari na unga. Lakini wanakaa masaa manne, wanataka chai, na wanaambia mgonjwa "usisumbuke" wakiwa wameshika vikombe vitupu. Siku ya kumi nilinyanyua ile sufuria kubwa ya chai. Kidonda kilinijibu papo hapo. Msinyanyue, wakuu. Mgeni asiyejua kumimina chai arudi kwao.

Wiki ya tatu nililia kwa sababu mbuzi alikuwa ananiangalia. Daktari alisema mwili bado unajipanga. Sasa natembea hadi kwa lango na kurudi, na damu sijaiona tena. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuvaa sketi nyeupe.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa naota jua. Mama akatoka ndani amevaa viatu vya kanisa.

"Ile kliniki ya daktari wako hufungua saa ngapi?"

"Mwaitu, unaumwa?"

"Nimekuuliza saa. Sikukuuliza ugonjwa."

Mama ni wa miaka sitini na saba. Hajawahi kupimwa huko chini maishani mwake. Tulienda polepole, mgonjwa akimsindikiza mzima. Aliingia peke yake, akatoka akifunga leso, akasema yule msichana aliyempima ana mikono baridi. Majibu bado.

Tukirudi, akamwambia dereva atushushe kwa njia ya kwa Nzioka. Mimi nilibaki kivulini. Sikusikia walichoongea, na mnajua vile nilitaka kusikia. Niliona tu Uncle akimletea kiti, na mama akikikalia.

Funzo langu ni dogo. Ovari zako ni zako, uliza daktari mpaka achoke, kisha uamue. Lakini huwezi kuamua vizuri kama watu wa kwenu wamezika ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Sasa nyinyi. Bibi yako, mama yako au auntie yako alikufa na nini? Andika hapo chini. Kama hujui, kaulize leo, kisha urudi utuambie ni nani aliyekufukuza.