Guu Lililofuta Alama

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka mguu wangu wa kulia huanza kuwasha. Cheka tu. Kesho unapanda treni hapa Mpanda kwenda kujiunga na timu ya taifa ya tenisi, msimu wa mataifa unaanza, na mimi nina furaha kana kwamba ni mimi niliyeitwa. Lakini kabla hujafunga begi, kaa nikwambie nilichofanya nilipokuwa na umri wako.

Uwanja huu wa Kawajense uliojifunzia wewe, aliutengeneza mwalimu wetu wa tenisi, Mzee Sebastiano, kwa udongo wa kichuguu. Tuliuponda, tukaumwagia maji, tukaushindilia mpaka ukawa mgumu, mistari tukaichora kwa chokaa. Raketi zilikuwa tatu, wachezaji kumi na mmoja. Mzee alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: mpira ukitua karibu na mstari, usikanyage pale ulipotua. Udongo hubaki na alama, na alama ndiyo shahidi. Ukiifuta kabla mwamuzi hajaiona, hata kwa bahati mbaya, pointi ni ya mwenzako.

"Nyie mna maneno mengi," alikuwa akituambia. "Mwacheni udongo aseme na yeye."

Tulimwona msumbufu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na habari za guu langu utazisikia sasa hivi.

Msimu wangu wa kwanza tulikwenda kucheza nchi ya watu. Siku tatu tukazipiga nchi tatu, moja baada ya nyingine. Nakwambia tulikuwa moto! Ya nne ikabaki nchi moja tu kati yetu na daraja la juu. Mchezaji wetu wa kwanza akashinda, wa pili akafungwa, kwa hiyo mzigo wote ukaangukia mchezo wa wawili wawili: mimi na kaka Deo. Deo alikuwa na misimu tisa kwenye timu ya taifa na daraja la juu alikuwa analisikia tu. Goti lake lilikuwa limefungwa bandeji, na sote tulijua kwamba baada ya mechi ile haingii tena uwanjani.

Tukafika pointi ya ushindi. Mpinzani akapiga mpira mrefu, ukatua nyuma ya miguu yangu. Deo akapaza sauti, "Nje!" Na ulikuwa nje, mwanangu, niliuona kwa macho yangu haya. Nikarusha raketi, nikaruka, nikacheza ngoma palepale, benchi letu zima likalipuka kwa shangwe. Wapinzani wakaomba alama iangaliwe. Mwamuzi akashuka kwenye kiti chake kirefu, akaja, akainama. Alama hakuna. Zilikuwapo nyayo zangu tu, za huku na za kule. Pointi wakapewa wao, na gemu ile wakaichukua, mechi ikaendelea.

Nilitamani ardhi inimeze. Tulipokuwa tunabadilisha upande, kocha wa taifa, ambaye katika mashindano haya hukaa palepale uwanjani na timu yake, hakunigombeza. "Ngoma umeshaicheza," alisema. "Sasa rudi kazini." Deo ndiye aliyenimaliza. Alinishika bega akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimesubiri misimu tisa. Nitashindwa kusubiri dakika kumi?" Machozi yakanilenga.

Tukapigana, jamani! Sikumbuki nilipumua saa ngapi. Pointi ya ushindi ikaja tena, na mpira mrefu tena, safari hii ukatua karibu kabisa na kidole changu cha mguu. "Nje!" Deo akapaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshainua mguu. Nikaubakiza hukohuko juu, kama korongo wa mbuga ya Katavi. Mwamuzi akashuka. Alitembea taratibu, sijui nani alimfundisha kutembea vile. Akainama. Akainua kidole: nje! Bado nilikuwa na mguu juu, mpaka Deo aliponirukia na goti lake bovu, tukaanguka, tukagaagaa kwenye udongo, wanaume wazima tunalia.

Jioni nikampigia simu Mzee Sebastiano. "Mzee, tumepanda daraja," nikamwambia, "lakini nilifuta alama."

Akauliza, "Na ya mwisho?"

"Niliiacha."

"Hapo sasa mmeshinda," akasema, na nikamsikia akiwaita majirani kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Sikukatazi kufurahi, mwanangu. Furahi mpaka utosi upate moto, ila ngoja zamu yake. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Mimi nilikuwa na haki yangu mkononi, nikaifuta mwenyewe kwa haraka ya kuishangilia. Ukiwa na hakika na jambo, simama, waache na wengine walione. Na ukikosea, maana utakosea, mtazame mwenzako aliyesubiri muda mrefu kuliko wewe, ucheze kwa ajili yake.

Haya, nenda. Mungu akutangulie safarini, akulindie magoti hayo, akurudishe Mpanda na vumbi la ushindi kwenye viatu. Sisi huku tutakuangalia kwenye simu. Nikiona mpira umetua na wewe umetulia tuli, mimi ndiye nitakayeruka.