Frigo Tuliyoiimbia Mapema

Enzi zetu pale Beni, baridi haikuwa kitu cha kununua dukani. Maji ya kunywa yalikaa ndani ya chungu kilichozikwa nusu mchangani, nyuma ya mlango wa jikoni, na mama alikifunika kwa kitambaa kilicholowa. Tukitoka kuruka kamba juani, jasho likitiririka mpaka kwenye kope, tulikimbilia kile chungu na kugombea kikombe kimoja cha bati. Maji yale yalikuwa na ladha ya udongo ambayo sijaipata tena popote. Nyama ilining'inia juu ya moshi. Samaki wa ziwani waliingia nyumbani wakiwa wamekwisha kukaushwa. Sombe ya jana, majani yetu ya muhogo, ilichemshwa tena asubuhi, na asiyeitaka alikwenda shule na njaa yake. Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema.

Siku hizi binti yangu Kavira, anayemaliza sekondari, anasema hawezi kunywa maji ambayo hayajapozwa. Hapa Butembo! Mji ambao asubuhi watu wanavaa sweta juu ya sweta! Namwambia aweke kikombe dirishani, atapata frigo ya bure. Anacheka na kuniona mtu wa kale.

Lakini mwaka huu nilihitaji frigo kweli, na si kwa maji ya Kavira. Mama yangu, tuliyemtoa Beni aje kukaa nasi upande wa Rughenda, ana ugonjwa wa sukari na sasa anaishi kwa sindano za insulini. Barabara ikifungwa dawa hiyo huadimika mjini, kwa hiyo tulimtafutia akiba. Muuguzi mmoja alitutunzia, hadi siku aliponiita kuniambia frigo yao imejaa, nije nichukue chupa zangu. Akanionya kwamba ile dawa ikikaa kwenye joto inaharibika, na ikiganda barafu inaharibika pia. Nilizibeba zile chupa kama mayai, nikazifunga vizuri na kuziweka ndani ya chungu, katikati ya kitambaa chenye maji. Kila nilipopita jikoni niligusa kile chungu. Uhai wa mama ulikuwa umelala mle.

Na niliogopa frigo zaidi kuliko wengine, kwa sababu nyumbani kwetu iliwahi kuingia moja ikafa.

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa kahawa. Mwaka mmoja kahawa ikaenda vizuri, akaamua mama naye apate frigo. Aliinunua kwa rafiki yake, Papa Kasereka, aliyekuwa akiimba naye besi katika kwaya ya kanisa letu kabla ya kuhamia Butembo kufungua duka. Ilikuja Beni kwa lori, imelazwa chali juu ya magunia ya maharage ya Kipese, na watoto wa avenyu nzima tulilikimbilia lori lile huku tukipiga kelele hadi koo zikakauka.

Enzi zile kitu kipya hakikutumiwa kabla ya kuombewa. Baiskeli iliombewa, redio iliombewa, cherehani ya shangazi iliombewa mpaka sindano. Na ilipasa kiombewe kikiwa kinafanya kazi, ili Mungu ashukuriwe kwa kitu kinachoonekana. Basi lori lilipofika, kwaya ilikwisha kuketi uani, sufuria za mama zinachemka. Frigo ikashushwa, ikapanguswa vumbi, ikachomekwa kwenye umeme palepale. Ikavuma. Mwalimu wa kwaya akainamisha sikio, akachukua sauti kutoka kwa ule mvumo, na nyimbo zikaanza. Sijawahi kuona baba amesimama wima vile.

Haikumaliza wiki. Ilianza kuvuma bila kupoa, ndani kukawa na joto la kwapani, kisha ikanyamaza. Fundi alikuja, akatikisa kichwa. Baba akamtumia Papa Kasereka ujumbe, naye akajibu kwa kiapo kwamba alimpa frigo mpya, haijawahi kuguswa. Baba hakutaka kusikia.

"Ameniuzishia maiti," alisema. "Mutu tuliimba naye, ameniuzishia maiti."

Mama aliigeuza ile frigo kabati. Aliweka humo vikwembe vyake vya kujifunga na madaftari yetu, panya wasiyafikie, na nadhani tulikuwa wanafunzi pekee wa Beni waliotoa kazi ya nyumbani ndani ya frigo. Sisi watoto tulicheka. Baba hakucheka, na tangu siku ile hakumsalimu tena Papa Kasereka, hata alipokuja Beni wakakutana mlangoni mwa kanisa. Miaka ikapita. Papa Kasereka alipofariki, mama alikwisha kufunga kikwembe chake cha kwenda kwenye kilio. Baba akasimama mlangoni.

"Hakuna mutu wa hii nyumba atafika kule."

Hakuna aliyekwenda. Kwetu sisi, kukosa kilio cha mtu mliyekula naye ni jambo zito, na watu walilizungumza kwa muda mrefu. Mama alifungua kikwembe, akakikunja, akakirudisha ndani ya frigo.

Ndiyo maana nilipoingia dukani mwaka huu nilikuwa kama mtu anayechagua mkwe. Mimi mwenyewe nauza vitenge sokoni, najua maneno matamu ya muuzaji yanatoka wapi. Kavira alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya milango miwili, inayong'aa, yenye bomba la maji kifuani.

"Mama, hii! Hii iko na classe!"

"Classe itachoma sindano ya koko yako?" nikamuuliza, nikimkumbusha bibi yake.

Nilibana kipande cha karatasi kwenye kila mlango na kukivuta. Karatasi ikichomoka kirahisi, ujue mpira umelegea na baridi itatoroka. Ile ya kung'aa iliachia karatasi. Ya okazyoni, iliyokwisha kutumiwa Ulaya, iliibana, lakini moteri yake ilikohoa. Mwishoni nikasimama mbele ya frigo fupi, nene, yenye sura ya gunia, mlango mmoja tu. Ilikuwa imekwisha kupoa; nikamwomba muuzaji aichomoe kwenye umeme, nikakaa kwenye kiti, nikaweka kipimajoto changu ndani.

"Mama, utashinda hapa?" akauliza muuzaji.

"Courant ikikatika kwetu, nayo inashinda bila kurudi," nikamjibu. Nikangoja sana, Kavira akinuna, na kipimajoto hakikupanda kwa kiasi cha maana. Nikaichukua, pamoja na kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Tulipokuwa tunatoka, muuzaji akasema:

"Muibebe ikisimama. Na kama ikilalishwa mu njia, musiiwashe leo. Muisimamishe, ingoje mpaka kesho. Juu mafuta ya moteri inatembea mu matiyo, mu mabomba yake, na mukiwasha mbio inakufa."

Kwenye mashimo ya kupanda Rughenda, dereva akaogopa itaanguka. Kabla sijateremka kumzuia, alikwisha kuilaza.

Na uani kwangu, akina nani wananingoja? Mama alikuwa amewaambia wenzake wa kanisa. Viti vimepangwa, vitabu vya nyimbo vimefunguliwa, na Shemasi Paluku, mzee tunayemheshimu wote, ameshika waya wa frigo mkononi.

"Wapi prise? Tuiwashe, tumushukuru Mungu."

"Papa Shemasi, munisamehe. Leo hapana."

Shemasi akanitazama kwa upole, na upole ule ulinilemea kuliko hasira. "Mwana wangu, tumeacha mashamba tukuye. Tutaombea kitu yenye kulala?"

Kumkatalia mzee mbele ya watu, katika nyumba yangu, na chakula kiko motoni! Mama mmoja akanong'ona kwamba mji umenibadilisha. Mwingine akauliza kama dawa za mama zitaendelea kukaa kwenye chungu wakati frigo iko hapa. Hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo nililokuwa najiuliza mwenyewe. Nikaeleza maneno ya muuzaji, yote, mafuta na matiyo na kungoja.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Akainua kichwa.

"Ile ya zamani pia ilikuwa vile?"

"Zote, mama. Ikilala inangoja."

Alisimama polepole, akavuta kiti chake mpaka ukutani, akaketi mbele ya prise ya umeme, mgongo wake ukiifunika.

"Muimbe," akasema. "Courant itakuya kesho."

Shemasi akaachia waya. Waliimba mbele ya frigo iliyo bubu, mwanzo kwa aibu, baadaye kwa nguvu, na mama peke yake hakuimba.

Kesho yake niliichomeka mikono ikiwa baridi kuliko frigo yenyewe. Ikavuma. Tulikaa jikoni mimi na mama tukikitazama kipimajoto kikishuka taratibu, nami naomba kisishuke kupita kiasi. Kikafika pale muuguzi aliposema, kikatulia. Nikatoa chupa kwenye chungu, moja moja, nikazipanga. Mama aliweka kiganja juu ya mlango na kuusikiliza ule mvumo kwa muda mrefu.

"Kumbe Kasereka hakutuibia," akasema.

Baba hayupo tena wa kuambiwa. Siku hizi Kavira akifungua mlango ule hawezi kungoja hata maji yapoe, anaondoka akilalamika. Sisi enzi zetu tulijua kungoja. Tulingoja nyama ikauke kwenye moshi, tukangoja chungu kipoze maji, tukangoja mwaka mzima kahawa iive. Frigo moja tu ndiyo iliyotushinda kuingoja hadi kesho, na kilio cha Papa Kasereka kimekwisha kupita.