Krisanthemamu za Meza ya Bibi Harusi

Demetria hupamba kumbi za harusi huko Goba, na krisanthemamu nyeupe hazigusi kabisa, maana kwake hayo ni maua ya jeneza. Jumamosi mwenzake Brightson akamletea ndoo nzima ya maua hayo, eti ya meza ya bibi harusi wa jioni ile.

"Sista, huko Ujapani haya ni maisha marefu. Nimesoma."

Demetria akainama kuyanusa, akapigwa na harufu ya maji yaliyovunda. Kwenye shina moja ilining'inia riboni ya zambarau: *Pumzika kwa Amani, Bibi.*

"Umeyatoa kaburini?"

"Marehemu kashayaona. Na bado mabichi."

Demetria akaibeba ndoo. Akayamwaga jalalani. Jioni ile bibi harusi alikaa mbele ya maua ya plastiki, ambayo Demetria huyadharau, ila angalau hayakutoka mazishini.